Draiva inakomea mita 75: kosa ni mkono, miguu au diski?

MtupaSahani

Wakuu, habari za humu. Nacheza gofu ya diski, ule mchezo wa kurusha kisahani hadi kwenye kikapu. Naomba msaada kwenye mrusho wa kwanza, ule wa kutoka tii, yaani eneo la kuanzia. Narusha bekihendi kwa mkono wa kulia, yaani mkono unaanzia upande wa kushoto wa mwili na mgongo wa kiganja unatangulia. Draiva yangu, diski ya masafa marefu, ni ya kasi 12 (namba iliyoandikwa juu yake), gramu 175, na kwenye uwanja tambarare bila upepo inakomea mita 75, ikizidi sana 80. Diski ya kati ya kasi 5 inafika 70. Puta, diski ya masafa mafupi, inafika 60. Yaani draiva inanipa mita tano tu juu ya diski ya kati, na hapo ndipo sielewi.

Inavyoruka: inatoka vizuri, inapanda, halafu huko juu inasimama kama imegonga kitu, inalalia kushoto na kudondoka. Mara mojamoja inachomoka kulia moja kwa moja na kupotea vichakani. Nikiongeza nguvu inapanda zaidi lakini umbali ni uleule. Kabla ya kurusha nakimbia hatua nne au tano.

Nianzie wapi: mshiko, mkono, miguu, au nitafute diski nyingine? Na ni mazoezi gani naweza kufanya peke yangu uwanjani? Lengo kwa sasa ni mita 100.

---

PuaChini

Mkuu, jibu umeshaliandika mwenyewe. Draiva na diski ya kati zikiachana kwa mita tano, na draiva inapanda, inasimama, inaanguka kushoto, hiyo ni pua juu. Tumalize hilo kwanza kabla watu hawajakupeleka kwenye miguu.

Pua ni ule ukingo unaotangulia kukata hewa. Hupimwa kwa kulinganishwa na njia ambayo diski inapita, si na ardhi, na hapa ndipo wengi wanapotea. Diski inaweza kurushwa kuelekea juu kwa nyuzi 10 na pua yake bado ikawa chini, mradi imelala juu ya mstari inaoupita au imeinama kidogo chini ya mstari huo. Vilevile inaweza kurushwa sambamba na ardhi huku pua imenyanyuka nyuzi tano. Hewa inaigonga tumboni, inapanda, kasi yote inaishia kwenye kupanda. Kasi ikiisha, tabia ya mwisho ya diski inajitokeza mapema: bekihendi ya mkono wa kulia huizungusha kufuata mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, na diski ya namna hiyo ikichoka hulalia kushoto. Draiva ina ukingo mpana na mwembamba wa kukata hewa kwa kasi kubwa, kwa hiyo pua juu inaiumiza kuliko inavyoiumiza puta. Ndiyo maana diski zako zote tatu zinaangukia karibu sehemu moja, na ndiyo maana nguvu zaidi inakupa mlima mrefu zaidi, basi.

Jipime hivi. Shika diski kama kawaida yako, nyoosha mkono hadi pale inapochomoka, simama tuli. Mtu akupige picha kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa mkono wako. Angalia ukingo ulio mbali kabisa na vidole. Ukiwa juu kuliko ngumi, umeshaona ugonjwa.

Dawa iko kwenye kifundo cha mkono. Ukishika diski kama unayempa mtu mkono wa salamu, kwa watu wengi pua hubaki juu kidogo. Shusha ngumi kama mtu aliyemalizia pigo la nyundo: upande wa kidole kidogo unashuka, kidole gumba kinaelekea mbele na chini. Vidole vinne vibane ukingo kwa ndani, gumba likandamize juu, na ukingo wa nje uzame kwenye kiganja, usining'inie kwenye ncha za vidole. Kifundo kishuke tangu mwanzo na kibaki hivyo hadi mwisho. Anayekishusha dakika ya mwisho anaitikisa diski, inatoka ikitetema, na diski inayotetema inapoteza mita nyingi kabla haijaanza kuelea.

Kuna vyanzo vingine viwili vya pua juu. Cha kwanza ni kunyanyua mkono wakati wa kurusha ili diski iende juu. Ukitaka urefu, inamisha mstari wa mabega, bega la mbele likae juu kidogo kuliko la nyuma, na mkono uendelee kupita sambamba na mabega hayohayo. Cha pili ni kuegemea nyuma, uzito ukabaki mguu wa nyuma. Hilo namwachia mwingine.

Zoezi: chukua puta, rusha kwa asilimia 60 ya nguvu, mita 40, diski isipande juu ya kichwa chako. Puta iliyorushwa chini na bado ikajinyanyua yenyewe ina pua juu, haina mjadala. Fanya hivyo siku yenye upepo wa mbisho. Upepo wa mbisho haufichi kosa, unalipeperusha hadharani.

---

KombeoKuukuu

Nakubali yote ya PuaChini, ila hayo ni ya mita kumi za mwanzo. Zilizobaki haziko kwenye kifundo.

Kwa makadirio ya kawaida, diski iliyotoka mkononi kwa kilomita 100 kwa saa, pua ikiwa sawa na hewa ikiwa tulivu, inafika kama mita 120. Kwa mita 100 unahitaji takriban kilomita 80 hadi 85 kwa saa. Kasi hiyo hata mwembamba anaipata. Anayekosa ni yule anayevuta kwa mkono.

Fikiria kombeo. Jiwe halipati kasi kwa sababu vidole vina nguvu. Mkono unatangulia, unasimama, na kamba iliyobaki nyuma inalifyatua jiwe. Mrusho wa diski ni uleule: mguu wa mbele unakanyaga, nyonga zinageuka, bega linafuata, kiwiko kinatokeza mbele, kigasha kinafunguka, kifundo, diski. Kila kiungo kikishika breki, kinachofuata kinachukua kasi yake. Ukianza kuvuta kwa nguvu mkono ukiwa bado nyuma kabisa, umetumia kasi pale ambapo haihitajiki, na diski inapofika kifuani mkono unashindwa kuongeza.

Sehemu ya kuishughulikia zaidi ni pale diski inapopita mbele ya kifua. Diski ikifika usawa wa chuchu ya kulia, kiwiko kiwe kimetangulia kuelekea lengo, na pembe kati ya mkono wa juu na mstari wa mabega iwe nyuzi 90 au zaidi. Pembe ikibanwa hadi 60 au 70, kiwiko kimekwama ubavuni na diski inazunguka mwili kama mtu anayejifunga mkanda. Huko ndiko kujizungusha. Matokeo yake ni mawili: njia ya diski inakuwa duara badala ya mstari, kwa hiyo nukta ya kuiachia inabahatisha, na unapoteza ule mfyatuko wa kigasha. Hizo zako zinazochomoka kulia ni za hapo. Diski imechelewa mkononi kwa sehemu ndogo ya sekunde kupita inavyotakiwa, na kwenye duara sehemu hiyo ndogo ni nyuzi nyingi.

Kujizungusha kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kupeleka diski nyuma ya mgongo badala ya kuipeleka mbali na lengo. Ya pili, inayofichika zaidi, ni mabega kufunguka kabla mguu wa mbele haujakanyaga. Kifua kinakimbia, mkono unaachwa, unakunjamana.

Fanya hivi, bila kuruka hatua:

1. Simama ubavu kwa lengo, miguu imepanuka kuliko mabega kidogo. Weka diski kwenye chuchu ya kulia, kiwiko kikielekea mbele, mabega bado yamegeuka nusu nyuma. Rusha kutoka hapohapo, bila kurudisha mkono. Ukifikisha puta mita 35 hadi 45 kwa mfyatuko huo pekee, uko sawa. Isipofika, usiongeze kitu kingine bado. Mirusho 15.

2. Sasa rudisha mkono, ila nusu tu, na uache sentimita kama 30 kati ya diski na kifua inapopita kwenda nyuma. Iende kwenye mstari, irudi kwenye mstari uleule. Vuta taratibu hadi kifuani, ndipo uachie kasi. Mirusho 15.

3. Ongeza uzito. Simama hivyohivyo, hamisha uzito kwenye mguu wa nyuma, kanyaga wa mbele, na *baada* ya kisigino kushika ardhi ndipo mkono uanze kurudi. Ukiona mkono umeanza kabla ya kisigino, hesabu mrusho huo umeharibika hata kama umefika mbali.

4. Hatua za kukimbia weka kando kwa wiki mbili. Nne au tano ni nyingi mno. Mtu anayerusha vizuri akiwa amesimama anapata sehemu kubwa ya umbali wake, hatua zinaongeza kidogo tu juu yake. Zinamwongezea pia aliyejipanga vibaya, lakini makosa.

Utakaporudi kwenye hatua, zinatosha tatu: kulia, kushoto ikipita nyuma ya kulia, kulia ya kukanyagia. Kwa mwendo wa kutembea. Lengo likiwa saa 12, vidole vya mguu wa kukanyagia vielekee kati ya saa 9 na saa 10, na mguu utue kushoto kidogo ya mstari wa lengo, upana wa kiganja hivi. Goti likitua limekunjika kidogo, linanyooka wakati wa kuachia. Hilo goti ndilo ukuta unaousimamisha mwili ili mkono ufyatuke. Baada ya kuachia geukia kisigino hadi kifua kiangalie lengo na mguu wa nyuma uje wenyewe. Ukijikuta unaendelea kutembea mbele kwa vidole, goti limekunjika, ukuta haukuwepo.

Na mkono wa kushoto. Ukibaki hewani kama bawa, unapunguza mzunguko wa mabega. Mkono wa kulia unapoanza kuvuta, wa kushoto ubanwe karibu na paja au tumbo.

---

Gramu165

Hakuna aliyegusa draiva yenyewe, wakati namba zake zinasema wazi. Namba nne zilizoandikwa juu ya diski ni kasi, kuelea, kugeuka na kupinda mwishoni. Chukua Innova Destroyer, draiva ya kasi 12 kama yako: 12, 5, -1, 3. Linganisha na Innova Leopard, draiva ya kasi ndogo: 6, 5, -2, 1. Hiyo -1 ya Destroyer maana yake diski haigeuki kulia mpaka irushwe kwa kasi inayostahili, na 3 ya mwisho maana yake ikipoa inapinda kushoto kwa nguvu. Kwa kasi yako, kama kilomita 75 kwa saa kwa kukadiria, draiva ya kasi 12 haipati sehemu ya katikati ya safari, inaanzia moja kwa moja kwenye mwisho wake.

Weka hiyo kabatini. Tafuta draiva ya kasi 6 au 7, namba ya tatu ikiwa -2 au chini ya hapo, gramu 160 hadi 168. Wenyewe tunaziita legevu, yaani zinakubali kugeuka. Za aina yako ni kaidi. Irushe kwa haiza kidogo, ukingo wa kushoto ukiwa chini kwa nyuzi 10 hivi. Ikitoka itajinyoosha, ielee, ipinde taratibu mwishoni. Ukiona inajinyoosha yenyewe, kasi na mzunguko vipo. Ukiona inabaki imelala kushoto mwanzo hadi mwisho, bado.

Kwa haiza usiinamishe mkono. Inama kutoka nyonga kuelekea vidole vya miguu, mkono na mabega vibaki sambamba. Anayepinda mkono peke yake ndiye huyo diski yake inatetema.

Na umbali wa kwenye video usikutishe. Rekodi ya dunia ya mita 338, ya David Wiggins Jr. mwaka 2016, iliwekwa kwenye jangwa la Nevada, Marekani, upepo mkali ukisukuma kutoka nyuma. Uwanjani kwenye nyasi, hewa tulivu, mita 100 zilizonyooka ni mrusho wa heshima.

---

Mshazari

Kama bekihendi inakusumbua hivyo, jaribu fohendi mkuu, yaani kurusha kutoka upande wa mkono wako wa kulia, kiganja kikitangulia. Haina kugeuza mwili wote, na diski inapinda upande wa pili.

---

KombeoKuukuu

@Mshazari fohendi ajifunze, ila si kama mlango wa kutokea. Pua juu inaruka nayo hadi huko, kwa sababu kiganja kinapoangalia juu kupita kiasi ukingo wa mbele unanyanyuka vilevile. Na kiwiko cha ndani kinaumia haraka kwa anayelazimisha nguvu. Kwa kuanzia mirusho 15 kwa siku inamtosha, diski za kati tu.

---

MtupaSahani

Asanteni sana wakuu. Nimerudi na majibu.

Picha ya ubavuni imeonyesha ukingo wa mbele juu ya ngumi, waziwazi. Kifundo kikishuka, puta haipandi tena, inapita chini na kufika 60 ileile kwa nguvu ndogo. Kutoka chuchuni puta inafika mita 30. Video ya mwendo wa polepole kutoka nyuma: mguu unapokanyaga, kifua tayari kinaangalia kati ya saa 10 na saa 11. Mkono wa kushoto uko hewani.

Yamebaki matatu. Nikishusha kifundo diski nyingi sasa zinatoka kushoto. Pili, goti la kulia linauma kwa ndani nikigeuka. Tatu, tii yenyewe ni fupi, mita tatu hivi. Nikianzia nyuma yake nje kabisa ni kosa?

---

PuaChini

Kutoka kushoto baada ya kushusha kifundo ni kawaida. Diski inaachia mapema, kwa kuwa mshiko mpya haujabana. Angalia vidole vya pete na kidogo, mara nyingi ndivyo vimelegea. Usibane mwanzo hadi mwisho lakini, kigasha kitakakamaa na hakitafyatuka. Shika kama unavyoshika yai hadi diski ifike kifuani, kisha bana vyote kwa pamoja. Diski ikitoka vizuri utahisi imenyofoka vidoleni. Ukihisi *umeiachia*, umefungua mkono mapema. Usihamishe shabaha kulia kufidia, utajenga kosa la pili juu ya la kwanza.

---

KombeoKuukuu

Mita 30 kutoka chuchuni maana yake mfyatuko wa kigasha bado. Baki hatua ya kwanza. Kabla ya kwenda uwanjani shika kitambaa kidogo kwa pembe moja na ukikung'ute kwa njia ileile ya mrusho. Kikilia mbele ya bega la kulia, wakati ni sahihi. Kikilia mbele ya tumbo, umefungua mapema.

Kwa kifua kufunguka kabla ya kukanyaga, tumia mlango. Simama ubavu, shika mwimo kwa mkono wa kulia ukiwa umeurudisha nyuma kabisa, kisha kanyaga mguu wa mbele na ujaribu kugeuza nyonga huku mkono haujaachia. Utahisi mvutano kuanzia nyonga, kupitia mgongoni hadi begani. Shikilia sekunde mbili, legeza. Mara kumi. Mvutano huo ndio unaotakiwa kuwepo pale kisigino kinapogusa ardhi. Video yako inaonyesha umeshaumaliza kabla hujakanyaga.

Tii: kuanzia nje nyuma yake si kosa. Sheria inaangalia wakati diski inaachia mkono: angalau sehemu moja ya mwili inayokubeba iwe ndani ya eneo la tii, na hakuna inayokubeba iliyoko nje. Baada ya kuachia unaweza kupitiliza mbele. Lakini kwa hatua tatu za kutembea, mita tatu zinakutosha.

---

Gramu165

Goti usilichukulie kawaida. Likiuma kwa ndani, mara nyingi ni kwamba mwili umegeuka na mguu umebaki umeng'ang'ania. Angalia mambo mawili. Unatua vidole vikielekea wapi? Vikielekea saa 8, nyuma kuliko ubavu, goti linabeba msokoto wote. Vifungue hadi saa 9 na nusu. Halafu uzito unamalizia wapi? Ukiwa kwenye vidole, meno ya kiatu yanashika ardhi na hayaachii. Uhamie kisiginoni ili unyayo wa mbele unyanyuke na ugeuke wenyewe. Viatu vyenye meno marefu kwenye tii ya zege au mpira achana navyo.

Mpaka maumivu yaishe, rusha ukiwa umesimama tu, na si zaidi ya mirusho 40 kwa siku, siku tatu kwa wiki, baada ya dakika kumi za kupasha mwili kuanzia nyonga. Piga alama kila mita kumi na uandike wastani wa mirusho kumi. Ule mmoja uliobebwa na upepo usiuandike. Wastani wa draiva ya kasi 7 ukizidi wa diski ya kati kwa mita 12 au zaidi, pua imetulia, rudisha hatua tatu. Goti likivimba au likiuma hata ukitembea, acha kurusha na umwone daktari.